Pigo Zito Kuliko Yote Mezani

Kwa wakazi wengi wa Mwanza, pool ni mchezo wa meza za sarafu zilizoko katika baa na vibanda vya Kirumba, Nyakato na Igoma, ambapo kila mchezaji huwa na mipira saba ya kwake, na akishaimaliza huukabili mpira mweusi wenye namba 8, ambao ndio unaoamua nani abaki mezani na nani ampishe anayesubiri. Mashindano ya taifa yaliyodhaminiwa na bia ya Safari yaliupa mchezo huo heshima fulani, ingawa viongozi wa serikali wamewahi kuupiga marufuku saa za kazi. Anayeucheza kwa muda mrefu hujionea jambo la ajabu: mtu aliyezamisha mipira saba migumu bila kutetereka huukosa mweusi uliosimama mdomoni mwa shimo.

Sababu iko mwilini mwa mchezaji kuliko mezani. Anapojua kwamba pigo moja litamaliza mchezo, vidole huikaza fimbo, kiwiko hukakamaa, mkono husita kabla ya pigo kukamilika, na kichwa huinuka mapema kutazama matokeo. Na kwa kuwa mipira ya duara hugusana katika nukta ndogo tu, kosa dogo la mahali pa kugusana huzidi kukua kadiri mpira unavyosafiri kuelekea shimoni. Steve Davis, bingwa wa snuka, mchezo ulio ndugu wa pool, alilipata funzo hilo mjini Sheffield mwaka 1985, matokeo yakiwa 17 kwa 17 katika fainali ya dunia, alipoukosa mpira mweusi wa mwisho na Dennis Taylor akauzamisha mbele ya watazamaji wa televisheni zaidi ya milioni 18.

Hata hivyo, iko aina ya pool ambayo uzito wa namna hiyo haungoji mwisho wa mchezo. Nayo ni pool ya mfululizo, iliyobuniwa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, ambayo mchezaji hutaja mpira na shimo kabla ya kupiga, hupata pointi moja kwa kila mpira uliozama, na huendelea hadi akosee au afikie idadi iliyokubaliwa, mara nyingi 100, 125 au 150. Mipira 14 ikishazama, hupangwa upya katika pembetatu ambayo ncha yake huachwa wazi, huku mpira wa 15 na mpira mweupe ikibaki pale ilipokuwa. Hapo mchezaji hulazimika kuuzamisha ule wa 15 na, kwa pigo hilohilo, kuufanya mpira mweupe uipasue pembetatu. Akiukosa, huenda akawa amemtawanyia mpinzani mipira 14, kisha akarudi kitini kutazama.

Mtindo huu haukuota mizizi kandokando ya Ziwa Victoria, na sababu kubwa ni meza yenyewe. Meza ya sarafu humeza kila mpira unaozama isipokuwa mweupe, ambao hutofautishwa na mingine kwa ukubwa au kwa sumaku, kwa hiyo kuipanga upya mipira 14 kungedai malipo mapya katikati ya zamu ya mtu mmoja, jambo ambalo hakuna foleni ya baa ambayo ingelivumilia.

Jina linalotajwa zaidi katika pool ya mfululizo ni la Willie Mosconi, aliyezamisha mipira 526 bila kukosa mjini Springfield, Ohio, mwaka 1954, maana yake alifaulu pigo lile la kupasua pembetatu zaidi ya mara 35. John Schmidt alifikisha 626 mwaka 2019, naye Jayson Shaw akamzidi kwa 714 mwaka 2022. Idadi hizo ni za kustaajabisha, lakini Mosconi alikuwa katika maonyesho, kwenye meza ya futi nane iliyo ndogo kuliko ya mashindano, na wale wawili walikuwa wakiisaka rekodi, wakiruhusiwa kuanza tena kila waliposhindwa. Kwa kipimo cha shinikizo, lililo zito zaidi ni jambo linalosimuliwa kwa nadra: mwaka 1956, katika mashindano ya Kinston, North Carolina, Mosconi huyohuyo alizamisha mipira 150 kwa zamu moja dhidi ya Jimmy Moore. Kosa moja pale lisingefutwa kwa kupanga mipira upya, kwani Moore alikuwa ameketi akiingoja zamu yake.

Pool ya mfululizo humpa mchezaji mlango mmoja wa kutokea. Akiona pigo halina matumaini, anaweza kutangaza waziwazi kwamba anajihami, kisha akauficha mpira mweupe mahali ambapo mpinzani hana la kulenga. Katika baa za Mwanza uamuzi kama huo huzomewa na watazamaji kuwa ni woga, na huenda kelele hizo, kuliko ugumu wa pigo, ndizo zinazowafanya vijana wengi wenye kipaji waupige mpira mweusi kabla ya wakati wake.