Mashahidi Wawili Chini ya Mguu wa Dereva

Bila shaka umewahi kupanda gari. Dereva akikanyaga mafuta, gari huongeza mwendo. Je, unajua amri ya mguu wake hufikaje kwenye injini?

Katika magari ya zamani kuna waya wa chuma. Dereva akikanyaga, waya huvuta na injini hupata nguvu zaidi. Magari mengi ya siku hizi hayana waya huo. Penye kikanyagio cha mafuta kuna kifaa kidogo kiitwacho kihisi. Kihisi hupima mguu umeshuka kiasi gani. Kisha hupeleka habari kwa umeme kwenye kompyuta ya gari. Kompyuta ndiyo inayoiongoza injini.

Sasa fikiri. Habari hiyo ikiwa ya uongo, itakuwaje? Gari linaweza kuongeza mwendo lenyewe. Kwa hiyo watengenezaji waliweka mashahidi wawili. Kihisi hutoa habari mbili kwa nyaya mbili, na kompyuta huzilinganisha.

Fundi huwajaribu mashahidi hao hivi:

1. Huvuta breki ya mkono na kutoa gia.
2. Hufungua swichi, lakini hawashi injini.
3. Hupima nyaya hizo mbili kwa mita ya umeme, huku mwenzake akikanyaga polepole.

Katika magari mengi shahidi mmoja husema nusu ya mwenzake. Kwa mfano, wa kwanza akionyesha volti 1, wa pili huonyesha nusu volti. Wa kwanza akifika volti 4, wa pili hufika volti 2. Magari mengine yana hesabu nyingine, ndiyo maana fundi husoma kitabu cha gari. Lakini katika gari lolote namba hubadilika taratibu. Zikirukaruka, kihisi au nyaya zake zina kasoro.

Mashahidi wasipopatana, kompyuta huwasha taa ya onyo na kupunguza nguvu. Gari hutambaa mlimani, na abiria humlaumu dereva. Kumbe gari linawalinda!

Wako watu ambao huunganisha nyaya ovyo ili taa izimike. Usikubali kufanyiwa hivyo. Taa imezimika, lakini hatari imebaki. Anayemnyamazisha shahidi hajamaliza kesi. Mwambie fundi apime kwanza, kisha atengeneze.

Maswali
1. Kwa nini kihisi hutoa habari mbili?
2. Shahidi wa kwanza akionyesha volti 3, wa pili ataonyesha ngapi?
3. Utafanya nini taa ya onyo ikiwaka?