Tuelezwe namna ya kumeza dawa

Ndugu Mhariri,



Hivi karibuni shangazi yangu hapa Kimamba alitibiwa malaria. Alirudi nyumbani na vidonge vya mseto katika bahasha iliyoandikwa "4x2" tu. Akapiga hesabu: nne mara mbili ni nane. Nilimkuta amekwisha mimina vidonge vinane mkononi.

Je, kosa ni lake? La hasha! Maana yake ni vidonge vinne, mara mbili kwa siku, lakini hakuna aliyemwambia. Wala hakuambiwa kuwa siku ya kwanza dozi ya pili humezwa baada ya kupita muda wa saa 8. Kuwa dawa hiyo humezwa pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa. Na kuwa mtu mzima hana budi kumaliza vidonge vyote 24 kwa siku tatu, hata akijisikia amepona.

Wengi wetu hubakiza vidonge kwa ajili ya homa ijayo. Dozi pungufu huvizoesha vimelea dawa. Tukumbuke klorokwini, iliyoachwa kutibu malaria nchini mwaka 2001 kwa sababu hiyo ya kuzoeleka.

Najua wauguzi wana foleni ndefu. Hata hivyo nashauri waandike kwa maneno, na kabla mgonjwa hajaondoka aeleze mwenyewe atakavyomeza. Nasi wagonjwa tusione haya kuuliza.

Msomaji wako,
Kimamba, Kilosa.