Vipodozi vya jikoni na makosa yanayojificha

Mafuta ya nazi vijiko vitatu, bikaboneti ya kuumulia keki kijiko kimoja, wanga wa muhogo vijiko viwili, na matone machache ya mafuta ya mchaichai kwa ajili ya harufu. Hiyo ndiyo deodoranti ya nyumbani kama watu wanavyoelekezana saluni, kwenye vikundi vya akina mama na kwenye simu. Imefuatana na ndugu zake wengi: dawa ya meno ya mkaa, losheni ya shubiri, mafuta ya karoti ya kukinga jua, barakoa ya manjano na asali. Wanaovipenda vitu hivi wana sababu zao za kueleweka. Deodoranti ya dukani ni ghali kwa mtu anayehesabu nauli ya kesho, orodha ya viambato iliyo nyuma ya kopo haisomeki, na habari za alumini na saratani ya matiti zimewatia watu hofu. Wanaovipinga nao husema kila kinachochanganywa kwenye bakuli la jikoni ni uchafu na hatari. Kwa maoni yangu pande zote mbili zinabishania jambo lisilosaidia. Kuvigawa vitu kuwa vya asili na vya kemikali hakutufikishi popote, kwa sababu bikaboneti ni kemikali na upupu ni wa asili. Swali la kujiuliza kabla ya kuchukua mwiko ni hili: kitu hiki kikishindwa kufanya kazi yake, nitajuaje, na nitajua lini?

Tuanze na kwapa. Jasho lenyewe likitoka halinuki. Mwili una tezi za jasho za aina mbili kubwa. Zile zinazoupoza mwili zimetapakaa karibu ngozi nzima, milioni mbili hadi nne kwa mtu mmoja, na kazi yake ni kutoa maji yenye chumvi. Za aina ya pili ziko zaidi kwapani na kinenani, huanza kazi mtu anapobalehe, na hutoa majimaji mazito kidogo yenye mafuta na protini. Majimaji hayo ni chakula cha bakteria wanaoishi kwapani, na mabaki ya mlo wao ndiyo kikwapa. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, wakishirikiana na kampuni ya Unilever, walieleza umbo la kimeng'enya ambacho bakteria aitwaye Staphylococcus hominis hukitumia kuzikata molekuli zisizo na harufu na kuachia nyingine zenye salfa, ambazo pua huzinasa hata zikiwa kidogo mno. Ndiyo maana mtoto wa miaka sita anaweza kucheza mpira juani mchana kutwa asinuke kama kaka yake wa miaka kumi na sita.

Ukishaelewa hivyo, mchanganyiko wa jikoni haubaki fumbo. Bikaboneti hupunguza uchachu wa ngozi na kuifanya mahali pasipowafaa sana bakteria wale, tena hutuliza baadhi ya asidi zinazonuka. Wanga hunyonya unyevu. Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauri, ambayo maabara zimeonyesha kuwa hudhoofisha aina kadhaa za bakteria. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachozuia jasho. Hiyo ni kazi ya chumvi za alumini, ambazo huziba kwa muda midomo ya tezi, na mtu anayetarajia shati kavu kutoka kwenye kopo la nazi atavunjika moyo bure. Tena hakuna ukweli katika ile habari kwamba mtu akiacha deodoranti ya dukani, kwapa hutoa sumu kwa wiki kadhaa. Kazi ya kuusafisha mwili ni ya ini na figo. Kinachotokea kwapani ni kwamba bakteria wanarudi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 huko Carolina Kaskazini, Marekani, uliwafuatilia watu 17 kwa siku nane, na ulionyesha jinsi bakteria walivyoongezeka upesi kwenye makwapa ya waliokuwa wakitumia vizuia jasho mara walipoviacha.

Sasa lirudie swali letu. Deodoranti ya nyumbani ikishindwa, utajua saa sita mchana siku hiyo hiyo, na usipojua wewe atajua aliyekaa jirani kwenye daladala. Ikikuunguza, kwapa litawasha na kuwa jekundu au kuwa jeusi ndani ya siku au wiki chache. Utaiacha, na mara nyingi ngozi itarudi ilivyokuwa. Kosa linajitangaza lenyewe, gharama yake ni ndogo na inafutika. Kwa sababu hiyo kwapa ni mahali pazuri pa kufanyia majaribio, na simwoni mjinga anayejaribu.

Ila ajaribu kwa akili. Maelekezo mengi yanayozunguka yametungwa na watu wa nchi za baridi, ambako mafuta ya nazi hukaa yameganda kwenye kopo. Mafuta hayo huyeyuka kwenye nyuzijoto 25 hivi. Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura, mchanganyiko ulioganda alfajiri utakuwa mchuzi kufika saa nne, bikaboneti imezama chini na mafuta yanaelea juu, na mtu atachovya mafuta matupu leo na chumvi tupu kesho. Siagi ya shea ya kaskazini mwa Uganda nayo ni laini, haiwezi kuushika mchanganyiko katika joto la Pwani. Kinachofaa ni nta ya nyuki kidogo, ile inayopatikana kwa warina asali kama wa Tabora, kwa kuwa haiyeyuki mpaka ipite nyuzijoto 60. Iyeyushe juu ya maji ya moto, tia mafuta, ipua, kisha koroga poda iliyochekechwa wakati mchanganyiko unaanza kuwa mzito. Bikaboneti yenyewe ndiyo chanzo kikubwa cha malalamiko. Ngozi ya kwapa ina uchachu kidogo, kipimo chake cha pH kikiwa karibu na 6 au chini yake, ilhali bikaboneti iko juu ya 8. Kwa kuwa kila hatua moja ya kipimo hicho ni mara kumi, tofauti hiyo ni ya mara mia na zaidi. Mtu mwenye ngozi nyepesi kudhurika aanze na robo kijiko, asipake baada tu ya kunyoa, na kwanza aweke kidogo upande wa ndani wa kiwiko kwa siku mbili tatu. Wala asichukue magadi ya kulainishia maharage akidhani ni kitu kile kile: magadi ni makali zaidi na yataichoma ngozi.

Limau nalo nalisema kwa msisitizo, maana linapendekezwa kila mahali. Maji yake ni makali mno, pH ikiwa karibu 2, na maganda yake yana viini ambavyo vikipigwa na jua juu ya ngozi huleta malengelenge, kisha doa jeusi la wiki au miezi. Anayekamua ndimu asubuhi, akajipaka, kisha akaingia barabarani na gauni lisilo na mikono, anajitafutia jeraha. Mafuta ya karafuu pia yataka adabu, kwani sehemu yake kubwa ni yujeno, kiini kinachoweza kuunguza ngozi kisipozimuliwa sana.

Hofu ya alumini inastahili jibu la heshima, kwa sababu ndiyo inayowasukuma wengi jikoni. Mwaka 2002 watafiti wa Seattle, Marekani, walilinganisha wanawake 813 waliougua saratani ya matiti na wengine 793 wasio na ugonjwa huo. Hawakuona kwamba waliotumia vizuia jasho waliugua zaidi, hata wale waliopaka muda mfupi baada ya kunyoa. Anayetaja utafiti wa mwaka 2004 uliokuta parabeni, vihifadhi vya vipodozi, kwenye uvimbe wa matiti ya wanawake 20 hasemi uongo, lakini utafiti ule haukulinganisha uvimbe huo na matiti mazima, na kukuta kitu mahali hakuthibitishi kwamba ndicho kilicholeta ugonjwa. Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wa vipodozi vya asili hawalisemi vya kutosha. Shabu, lile jiwe jeupe linalong'aa ambalo vinyozi hulipitisha kwenye mikwaruzo na ambalo huuzwa kama deodoranti ya asili, ni chumvi ya alumini. Linafanya kazi vizuri na sina ugomvi nalo. Lakini anayelinunua kwa kuikimbia alumini hajakimbia kitu.

Wengine watasema viwanda navyo vimetuua. Ni kweli, na haifai kulifunika. Ufaransa, mwaka 1972, poda ya watoto iliyochanganywa kwa makosa na heksaklorofini nyingi iliua watoto 36. Marekani, mwaka 1977, vizuia jasho vya kupuliza vyenye zirkoni viliondolewa sokoni kwa sababu ya madhara kwenye mapafu. Mimi nayasoma matukio hayo kwa namna nyingine kidogo. Maafa ya Ufaransa yalifuatiliwa mpaka kwenye chanzo chake kwa kuwa bidhaa ilikuwa na jina, kopo linalofanana na jingine, na kitu cha kupimwa maabara. Bakuli la jikoni halina kumbukumbu. Mchanganyiko wa wiki hii si ule wa wiki iliyopita, na mtoto akitokwa na vipele hakuna wa kurudi nyuma kuhesabu vijiko. Hilo halikiondolei kiwanda kosa, ila linatuonyesha kwamba mahali ambapo madhara hukawia kuonekana, kipimo na kumbukumbu ndivyo kinga yetu, na jikoni hatuna hata kimoja.

Chukua mafuta ya kukinga jua. Mafuta ya nazi na ya karoti hukinga kidogo sana, lakini anayeyapaka hahisi upungufu wowote. Ngozi inang'aa, mtu anajiona yuko salama, na mionzi inaendelea na kazi yake kwa miaka. Kwa mwenye ualbino chini ya jua letu, mwisho wa kosa hilo ni saratani ya ngozi, inayowakatiza maisha wengi wao wakiwa bado vijana. Dawa ya meno ya nyumbani inafanana nayo. Mkaa na bikaboneti husugua na kung'arisha, ila havina floraidi, na jino likianza kuoza haliumi mpaka tundu limeingia ndani. (Sehemu za Arusha na Kilimanjaro zina shida ya kinyume: maji yenyewe yana floraidi nyingi hadi meno yanapata madoa ya kahawia, kwa hiyo ushauri wa Mtwara hauhamishwi mzima mzima kwenda Arumeru.) Mswaki wa mti hauna lawama katika hili, husafisha vizuri ukitumiwa kwa uangalifu.

Losheni ya shubiri ni mtego wa aina yake, kwa sababu ina maji. Poda kavu na mafuta matupu haviwapi bakteria mahali pa kuzaliana, lakini ute wa shubiri uliosagwa na kutiwa kwenye chupa utakuwa umejaa bakteria baada ya siku chache huku bado ukionekana safi na ukinukia vizuri. Vihifadhi vinavyoogopwa kwenye orodha ya viambato vimewekwa kwa ajili hiyo. Anayetaka shubiri akate jani, aache ule utomvu wa njano unaowasha uchuruzike wote, apake ute mbichi, kisha kinachobaki akitupe.

Na kuna mkorogo. Watu husahau kwamba nao ni kipodozi cha kujitengenezea: krimu mbili tatu, sabuni, pengine vidonge vilivyopondwa, kila mchanganyaji na siri yake. Ndani yake hupatikana hidrokwinoni, steroidi, na hata zebaki. Mwezi wa kwanza ngozi inang'aa, na hapo ndipo ubaya wake ulipo, kwa kuwa mtumiaji anaona mafanikio wakati steroidi inakondesha ngozi na zebaki inaelekea kwenye figo na neva. Mkataba wa Minamata ulizitaka nchi wanachama ziondoe kufikia 2020 vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu moja katika milioni. Kipimo kidogo namna hiyo hakuna pua wala jicho linaloweza kukifanya.

Atakayesema bibi zetu walijipamba bila maabara nitamkubalia kwa furaha, kisha nimwombe atazame walivyofanya. Singo ya Unguja, yenye langilangi, asumini, waridi na liwa, hutwangwa na kulowekwa kwa marashi siku ya kutumika, somo akamsugua mwari, ikaoshwa. Haikai kwenye chupa miezi mitatu. Udi haugusi ngozi, hufukizwa nguo na nywele. Hata kuhusu nguo zao za pamba walikuwa na hoja: utafiti wa Ubelgiji wa mwaka 2014 ulikuta fulana za poliesta zinanuka zaidi ya za pamba baada ya mazoezi, kwa kuwa bakteria fulani hustawi kwenye nyuzi hizo. Kwa mtu asiye na fedha ya deodoranti yoyote, kuosha kwapa kwa sabuni asubuhi na jioni, kulikausha vizuri, na kuvaa shati safi la pamba ni msaada mkubwa kuliko mchanganyiko wowote nilioutaja.

Wala kutengeneza wenyewe si lazima kuishie jikoni. Moshi, katika hospitali ya KCMC, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilianza kutengeneza losheni ya kukinga jua iitwayo Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino. Imetungwa kwa kufuata hali ya hewa ya hapa na mahitaji ya wanaoitumia, na hugawiwa bure kupitia kliniki, ambako wagonjwa huchunguzwa ngozi na kuelekezwa namna ya kuipaka.