Kompyuta Iliyoundwa Nyumbani Ikikataa Kuwaka

Kompyuta mpya iliyoundwa nyumbani ikikataa kuwaka, si lazima iwe imeharibika. Mara nyingi kuna waya uliosahaulika. Mkazi anashauriwa kuanza na soketi ya ukutani, kisha swichi iliyo nyuma ya pawasaplai. Ikiwa bado, achomoe umeme na kukagua nyaya mbili zinazoingia kwenye ubao mama: ule mpana wa pini 24, na ule mdogo wa pini 4 au 8 karibu na prosesa. Feni zikizunguka huku skrini ikibaki nyeusi, achomoe umeme tena, atoe RAM na kuirudisha hadi ibane.

Pawasaplai yenyewe isifunguliwe kamwe. Hata ikiwa imechomolewa, hubaki na umeme unaoweza kuua. Hiyo ni kazi ya fundi.