Kukata Uzani kwa Kiu

Kwenye vibanda vya mitumba vya Gikomba, Nairobi, koti la mvua lisilopitisha hewa hutafutwa na watu wa bodaboda, na pia na mabondia. Hawa wa pili, wakiwemo wanafunzi wa vyuo wanaofanyia mazoezi Pumwani, Muthurwa na Kaloleni, hulivaa juu ya sweta jua likiwa la utosi, wakaruka kamba huku wakitema mate kwenye chupa. Kila tone linahesabiwa.

Wanachotaka ni kuwahi uzani wa chini. Bondia wa kilo 64 akishuka hadi 60, anatumaini kupangwa na mtu mdogo kuliko yeye. Lakini mpinzani naye ametoka 64! Wanakutana ulingoni wote wamekauka, na aliyefaidika hayupo.

Kilo nne zikitoka kwa siku mbili, nyingi ni maji, zaidi ya asilimia 6 ya mwili mzima. Uwezo wa kustahimili huanza kupungua hata ukipoteza asilimia 2 tu. Damu hupungua, moyo hukimbia kufidia, joto hukosa pa kutokea, figo huumia. Kwenye ndondi za ridhaa mizani huwa asubuhi ya pambano, na chupa mbili za maji baada ya hapo hazirudishi kilichopotea. Ngumi inakuja, mikono inachelewa kuinuka.

Wengine humeza furosemaidi, dawa ya kukojoza wanayopewa wagonjwa wa moyo. Maji hutoka pamoja na potasiamu, na potasiamu ikishuka mapigo ya moyo huvurugika. Tena ni marufuku michezoni: wakimbiaji wawili wa Kenya walinaswa nayo kwenye mashindano ya dunia ya Beijing mwaka 2015.

Marekani iliamshwa na misiba. Mwishoni mwa 1997, wanamieleka watatu wa vyuo vikuu walifariki wakikata uzani kwa joto, kiu na suti za mpira. Suti hizo na sauna zikapigwa marufuku, mizani ikasogezwa karibu na pambano, na kila mchezaji akawekewa mapema kiwango cha chini asichoruhusiwa kukivuka.

Hilo la mwisho linawezekana hapa kwetu. Kocha ampime kijana kila wiki, aandike daftarini, amsajili kwa uzani wake wa kweli. Akilazimika kushuka, iwe nusu kilo kwa wiki, ugali upungue lakini maji yabaki. Na ambaye mkojo wake umekuwa kama chai ya rangi asivishwe glavu siku hiyo, hata iwe fainali.