Jinsi mlango wa malaria ulivyogunduliwa

KWA wakazi wa Malolo, wilayani Ruangwa mkoani Lindi, malaria si ugonjwa wa kusimuliwa. Hata hivyo, namna kimelea chake kinavyopenya chembe nyekundu ya damu ilikaa miaka mingi bila kueleweka vyema.

Mwaka 2011, watafiti wa Taasisi ya Wellcome Trust Sanger ya Uingereza walibaini kuwa protini ya kimelea, RH5, hujishikiza kwenye kipokezi cha binadamu kiitwacho basigini, kilichopo juu ya chembe hizo.

Ugumu ulikuwa kukipata kipokezi chenyewe kikiwa kizima. Vipokezi vimepachikwa katika utando wa mafuta, na vikichomolewa humo hupoteza umbo. Bakteria, ambao huzalisha insulini bila taabu, hapa hawafai sana, kwani hawana uwezo wa kuzivika protini sukari kama mwili wa binadamu ufanyavyo.

Ndipo zikatumiwa seli za binadamu ziitwazo HEK293, zilizotokana na figo ya kijusi na kuanza kukuzwa katika maabara ya Leiden, Uholanzi, mwaka 1973. Seli hizo hupewa jeni ya sehemu ya nje tu ya kipokezi, bila mzizi wake. Nazo huitengeneza sehemu hiyo na kuimwaga katika maji ya lishe, ambamo huchujwa.

Kulikuwa na kikwazo kingine. Protini za aina hii mara nyingi hushikana na kuachana kabla ya sekunde moja kupita, hata kipimo kisione kitu. Watafiti wakazifunga tano tano: moja ikiachia, nyingine bado zimeshika. Hila nyepesi, lakini ndiyo iliyofichua siri.

Kingamwili zilipoiziba basigini, vimelea vya aina zote zilizojaribiwa vilishindwa kuingia. Chanjo, hata hivyo, inailenga RH5, maana basigini ni sehemu ya mwili wenyewe.

Chanjo za RTS,S na R21 hupambana na kimelea kabla hakijatoka kwenye ini. Kikiponyoka, hazina la kukifanya. Hiyo ya RH5 hukisubiri ndani ya damu. Imejaribiwa na Taasisi ya Afya Ifakara huko Bagamoyo, kwa watu wazima na watoto. Nchini Burkina Faso, matokeo yaliyotolewa mwaka 2024 yalionyesha kinga ya asilimia 55 kwa watoto wa miezi 5 hadi 17 waliocheleweshewa dozi ya tatu.