Zebaki ya Kehancha na Samaki wa Ziwani

Kehancha si mji wa wavuvi. Ni mji wa Wakuria, watu wa ng'ombe, wimbi, mahindi na tumbaku, nao umekaa kusini mwa Kaunti ya Migori, karibu na mpaka wa Tanzania. Hapana mtumbwi, hapana wavu ulioanikwa, na mtoto wa hapa aweza kukua mpaka akaoa pasipo kuliona Ziwa Viktoria kwa macho yake. Harufu ya ziwa huufikia mji huu siku ya soko, ndani ya magunia ya omena. Kwa hiyo atakayestaajabu kuona mwandishi wa mwambao amefunga safari hadi huku kuandika habari za samaki hatalaumiwa. Lakini madai yangu ni haya: habari za ziwa zinaanzia huku juu, na wale wanaozitafuta ufukoni pekee wanasoma kitabu kuanzia ukurasa wa mwisho.

Niruhusu, msomaji, nianze kwetu. Kila aliyekaa Malindi ajua ya kuwa mvua kubwa zikinyesha bara, bahari ya mji ule hugeuka rangi ikawa kama chai ya maziwa. Huo ni udongo wa mto Sabaki. Mto huo huanzia mbali, pande za Nairobi, ukiitwa Athi. Hupita Ukambani, ukaitwa Galana. Na ufikapo kwetu, jina ni Sabaki na mzigo ni mashamba ya watu. Wazee walikuwa wakisema kwamba zamani haikuwa hivi, na vijana wakiwacheka, kama vijana wanavyowacheka wazee siku zote. Wataalamu wamewapa wazee haki yao. Mwaka 2007 zilichapishwa habari za uchunguzi wa tumbawe moja la Malindi lililokuwa limeishi miaka 300 hivi. Tumbawe hujijenga tabaka juu ya tabaka, mwaka baada ya mwaka, mfano wa mti, na kila tabaka huhifadhi ndani yake chembe za madini yaliyoletwa na udongo wa mto. Waliposoma tabaka zile waliona kwamba kwa karne mbili udongo ulikuwa kidogo. Tangu mwanzo wa karne ya 20, walowezi walipojitwalia ardhi ya bara na wenyeji na mifugo yao wakasongamanishwa vilimani, udongo ulizidi, na ukaendelea kuzidi.

Sisi tuliosoma chuoni tulikuwa na ubao wa kuandikia. Ukishahifadhi, huuosha ubao, maandishi yakaenda na maji, na kesho ukaandika mengine. Watu wa milimani, nadhani, huuona mto wao kuwa kitu cha namna hiyo: umeosha, umesahau. Bahari haiko hivyo. Tumbawe la Malindi ni ubao usiooshwa.

Na ziwa nalo lina ubao wake, ulio topeni. Ziwa hili, ambalo Wajaluo huliita Nam Lolwe, lina eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi, na fungu la Kenya ni kama asilimia 6 tu. Kwa upana ni bahari. Kwa kina ni sahani, maana mahali pake pa kina kirefu hapazidi sana mita 80. Taarifa ya wachunguzi waliosoma tope la chini yake, iliyotoka mwaka 2002, ilieleza kwamba mimea midogo ya majini ilianza kuzidi tangu miaka ya 1930, kwa kadiri watu na mashamba walivyoongezeka pande zote za ziwa. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1960, maji ya chini kabisa yalikuwa yameanza kukosa hewa.

Zitazame vizuri tarehe hizo. Mbuta, ambaye Watanzania humwita sangara, alitiwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, wala hakutamalaki mpaka miaka ya 1980. Tumemtwika mbuta lawama zote za kupotea kwa mamia ya aina za fulu, naye kweli amewala. Lakini alipoingia, nyumba ilikuwa imekwisha kujaa moshi. Hata hivyo, hakuja bila ya kuonywa. Mwingereza Michael Graham, aliyelichunguza ziwa mwaka 1927 na 1928, alitahadharisha katika taarifa yake ya 1929 kwamba kuleta samaki mkubwa mla wenziwe kutoka maji mengine ni hatari kuu, pasipo kufanywa uchunguzi kwanza. Taarifa ikawekwa kabatini. Kisha mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na pamoja nayo shirika la utafiti wa samaki lililokuwa Jinja, na kila nchi ikabaki na kipande chake cha ziwa na daftari lake. Mtu mwenye akili timamu angedhani mbuta mwenyewe ndiye aliyepanga.

Hayo ya mbuta yameandikwa sana, na sina haja ya kuyarefusha. Lililonileta Kehancha ni zebaki.

Mawe ya Migori yana dhahabu. Mkanda wake hutoka Nyatike, ulikokuwa mgodi mkubwa wa Macalder uliofungwa katika miaka ya 1960, ukaja hadi huku Kuria. Kampuni kubwa zilipoondoka, mashimo yalirithiwa na wachimbaji wadogo, na kazi yao ndiyo hii. Mawe hutolewa shimoni, huvunjwa kwa nyundo, mara nyingi na akina mama, kisha husagwa kwa mashine mpaka yakawa unga. Unga huoshwa kwa maji, chembe nzito zikabaki, na hapo ndipo hutiwa zebaki.

Neno zebaki tulilipata kwa Waarabu, nao walilitoa kwa Waajemi. Ni kitu cha ajabu: kizito kuliko risasi, na hukimbia kama maji. Mchimbaji huikoroga kwa mkono ndani ya karai, nayo huikumbatia dhahabu na kuuacha mchanga. Mchanganyiko hukamuliwa kwa kitambaa, likabaki donge la rangi ya fedha, na donge hutiwa motoni. Zebaki hupanda ikawa mvuke, dhahabu ikabaki. Mvuke ule hauna rangi wala harufu. Huvutwa na aliyeshika moto, na aliyeketi karibu naye, na mtoto aliye mgongoni mwa mama yake. Pengine moto wenyewe ni wa jikoni, penye sufuria ya ugali. Madhara yake hayaji siku ile. Huja baadaye, mikono ikaanza kutetemeka, kumbukumbu ikapotea, mafigo yakaharibika, na mgonjwa akadhani amerogwa.

Zebaki nyingine hubaki katika makapi, yaani ule mchanga uliokwisha oshwa. Mvua huuteremsha mtoni. Mto Migori, utokao nyanda za juu za Trans Mara na kupita nchi ya Wakuria, hukutana na mto Kuja, na maji yao huingia ziwani huko Nyatike. Kule topeni, vijidudu visivyoonekana kwa macho huigeuza zebaki ikawa ya namna nyingine, mbaya zaidi, ambayo ikishaingia mwilini mwa kiumbe haitoki upesi. Kijidudu kina chembe moja. Omena akala vijidudu elfu. Mbuta akala omena elfu. Na mbuta mwenyewe tunamjua aliwaye na nani.

Si hadithi ya kutishia watoto. Mwaka 1956, katika mji wa Minamata huko Japani, watu walianza kuletwa hospitali wakiwa hawawezi kutembea sawasawa, kuona wala kusema. Wengi walikuwa jamaa za wavuvi. Paka wa mji walikuwa wamekwisha kuonekana wakirukaruka kwa wazimu na kufa. Kiwanda cha kemikali kilikuwa kikimwaga taka zenye zebaki ghubani, na watu walikuwa wakila samaki wa ghuba ile kila siku. Jambo zito kuliko yote ni kwamba mama aliyejiona mzima alimzaa mtoto mlemavu, kwa kuwa sumu ilimpita yeye ikamshukia aliye tumboni.

Hapa uadilifu wanilazimu kusema neno litakalowaudhi wapenda habari za kutisha. Samaki wa upande wa Kenya waliopimwa zebaki wameonekana, kwa jumla, kuwa chini ya kiwango kilichowekwa na mataifa, isipokuwa baadhi ya mbuta wakubwa sana. Minamata haijafika Nyatike. Lakini wataalamu waliopima makapi na mchanga wa vijito vya machimbo ya Migori, na kutoa taarifa yao mwaka 2002, walikuta zebaki, risasi na aseniki kwa kiasi cha kutia wasiwasi. Basi barua imekwisha kutiwa posta, na njia ya posta tumekwisha kuieleza. Ubeti huu ulinijia nikiwa katika matatu ya Isebania, na mhariri akipenda ataupitisha:

Mto ushukapo bara, huuchukua mchanga,
Na zebaki ya madhara, katika tope hutanga,
Mvuvi kula hasara, na nyavu akizichunga,
Ziwa ndilo daftari, ya mlimani husomwa.

Nimesema mvuvi kula hasara, na sikuliweka neno hilo kwa ajili ya vina. Mvuvi wa omena wa Muhuru au Karungu hufungiwa kazi yake miezi 4 kila mwaka, tangu Aprili hadi Julai, ili samaki wazaane. Tundu la wavu wake hupimwa. Mbuta wake asipofika sentimita 50 ni kosa. Simtetei mvunja sheria. Sheria hizo zina maana, na aliyekula mayai asidai kuku. Lakini mlima haufungiwi hata siku moja. Serikali za Kenya na Uganda zilikaribia kuvunjiana heshima mwaka 2009 kwa ajili ya Migingo, jiwe lisilofika ekari moja, na wakati huohuo udongo wa maelfu ya ekari ulikuwa ukivuka mipaka pasipo kuulizwa pasipoti.

Si kwamba hapana maandishi. Itifaki ya maendeleo endelevu ya bonde la Ziwa Viktoria ilitiwa sahihi Arusha tarehe 29 Novemba 2003, na neno lake ni bonde zima, si maji pekee. Huku kwetu baharini, nchi zilizo katika Mkataba wa Nairobi wa 1985 ziliandika itifaki nyingine mwaka 2010, mahsusi kwa uchafu utokao nchi kavu. Itifaki ya ziwa yasema kwamba anayechafua alipe. Maneno mazuri. Ila huyo anayechafua, ukimtafuta Kehancha, utamkuta ni mwanamke mwenye nyundo, ameketi juani kuvunja mawe ya mtu mwingine kwa ujira wa siku. Umtoze nini?

Wala hakuja kwenye mawe kwa kupenda. Kwa miaka mingi zao la fedha la Kuria lilikuwa tumbaku, na tumbaku hukaushwa kwa kuni. Miti ikaenda, udongo ukabaki wazi, na mkulima akabaki na deni la mbolea. Tangu 2021 pana mpango wa mashirika ya Umoja wa Mataifa na Serikali wa kuwahamisha wakulima wa Migori kutoka tumbaku kwenda maharagwe yenye madini ya chuma kwa wingi. Ni jambo jema, lakini maharagwe yanashindana na bei ya dhahabu, na bei ya dhahabu haishuki.

Kwa hiyo mimi nasema tuanze na moto. Kuna chombo cha chuma chenye mfuniko na bomba. Donge hutiwa ndani, mvuke hupita bombani, ukapozwa kwa maji, na zebaki ikarudi kwenye kikombe, tayari kutumiwa tena. Mhunzi hodari aweza kukifua. Kinamwokoa mchoma donge, na kinampunguzia gharama, jambo ambalo hotuba za mazingira husahau kulitaja. Sheria ya Madini ya 2016 imempa mchimbaji mdogo njia ya kupata kibali na kamati yake ya kaunti. Na mwaka 2023 Kenya iliuridhia mkataba wa dunia juu ya zebaki, unaobeba jina la Minamata, ambao wataka uchomaji wa wazi na uchomaji wa majumbani ukomeshwe. Kibali na chombo vingeweza kutolewa mezani pamoja, siku moja, na afisa yuleyule.

Ama wale wanaodhani kuwa mto hushuka tu, wala hakuna kipandacho kuwafuata, wamuulize mvuvi habari za ningu. Masika yakianza, samaki huyo hukusanyika kwenye midomo ya mito kama Nzoia na Kuja, akaanza kupanda kwenda kutaga. Zamani alipanda kwa wingi hata watu wa mitoni wakawa na mitego yao ya jadi iliyomngoja yeye; nyavu za kisasa zilizotandwa midomoni zikampunguza mno kabla ya mwaka 1965. Waliosalia wangali wanapanda, katika miezi ileile ambayo mvua inateremsha makapi.